Plasta ya Samawati

"Shikilia hapo, usiachie," alisema fundi Muhiddin, na Eliasi akaukumbatia mguu wa injini ya boti kwa mikono miwili. Muhiddin akafungua skrubu ya chini. Oili iliyotoka ilikuwa imechanganyika na maji, nyeupe kama tui. Bawa moja la pangaboi la kusukuma boti lilikuwa limekatika na shafti imepinda.

Nje ya kibanda, Mto Msimbazi ulikuwa bado na tope la mafuriko ya juzi. Hamood, mwenye boti, alisimama mlangoni, kanzu kaipandisha isichafuke.

"Fundi, sema tu kweli. Huyu kaendesha boti kama bodaboda wa Buguruni."

"Nilikuwa polepole, bosi, haki ya Mungu," alisema Eliasi. "Nilikuwa na watoto ndani, nawaokoa kutoka bondeni. Maji yalikuwa kama chai ya maziwa, chini huoni kitu. Ghafla kwaa! Tukasimama."

"Bondeni kuna nini cha kugonga? Kambale?" Hamood alicheka peke yake. "Kuanzia leo boti yangu usiiguse."

Muhiddin aliendelea kufungua. Hakuwa mtu wa kuhukumu kabla nati ya mwisho haijatoka. Aliligonga pangaboi taratibu mpaka likalegea, na nyuma yake akaona kipande cha plasta kilichonaswa kwenye waya wa kufungia nondo. Akakifuta kwa kidole gumba.

Samawati.

Rangi ile aliijua. Shamsa, mkewe, ndiye aliyeichagua, naye Muhiddin akaichanganya na chokaa ili itoshe nyumba yao nzima ya bondeni. Ikapata weupe ambao hakuna duka linalouuza. Nyumba za bondeni zilipobomolewa, tingatinga lilisukuma kuta na kuacha nguzo zimesimama usawa wa kiuno, nondo zimechomoza. Muhiddin aliomba siku moja tu azikate mwenyewe. Akaambiwa aondoke, kifusi kina mwenye kazi yake. Na mwenye kazi alikuwa Hamood. Malori yake yalikuja mara moja, yakazoa matofali mazima yanayouzika, hayakurudi tena.

"Eliasi, injini ilipozima, nani alibaki kule?"

"Mama Anfal na wajukuu, mzee. Walikaa juu ya bati mpaka asubuhi. Nilikuwa nawasikia wananiita."

Muhiddin akaweka spana chini.

"Bwana Hamood, hii ni nguzo ya baraza langu."

"Nguzo gani?"

"Uliyopewa kazi ya kuing'oa."

Hamood alikitazama kile kipande, akaangalia barabarani. "Wewe fundi wa injini. Tengeneza injini."

"Nikiitengeneza leo, mvua ikirudi itagonga palepale. Nguzo za jirani zangu wote zimo mle. Kesho njoo na lori. Eliasi atatuonyesha mahali, na boti ataendelea kuishika yeye."

"Unanipangia?"

"Nakwambia."

Hamood aliiachia kanzu ikagusa tope, akaondoka bila kuaga.

Muhiddin aliibana shafti kwenye jiliwa, akaipiga nyundo hadi ikanyooka nusu. Adhana ya alasiri ikasikika. Akaiacha hapohapo. Aliifunika injini kwa turubai, lakini pangaboi akaliweka mlangoni na plasta yake, upande wa samawati ukitazama barabara. Kisha akatoa msumeno wa kukatia nondo chini ya meza, akaupaka mafuta jino kwa jino, akautundika kwenye msumari karibu na kofia yake.