Blanketi la Makete

Simu iliita siku ya nne tangu Mwalimu Godfrey arudi Mtwara kutoka kwao Makete, alikoenda kumzika mkewe.

"Namba ya dada Neema hii?" Ilikuwa sauti ya kondakta wa basi. "Vifaranga wake wamefika stendi. Tenga lao mtanirudishia."

"Nakuja," Godfrey akasema.

Hakusema Neema amekufa. Angesema, kondakta angetoa pole, naye angelazimika kujibu "tumeshapoa". Tumeshapoa hizo alikuwa amezisema mpaka mdomo ukawa unazitoa wenyewe, kama mtoto wa darasa la kwanza anavyomwamkia mwalimu.

Vifaranga walikuwa ishirini na tano. Neema aliwaagiza kabla hajaugua, banda akaligongelea nyavu mwenyewe huko nyuma ya nyumba yao, mtaa wa Chikongola. Makaburini Godfrey hakutoa chozi, shangazi zake wakanong'onezana. Hata sasa ndani yake kulikuwa kimya. Alijua jambo moja tu: hawa wasife.

Basi akafanya kama alivyomwona mama yake akifanya Makete, kule ambako asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa baridi. Akawaweka ndani ya boksi, akafunga madirisha, akawasha balbu kubwa, juu akatandaza blanketi zito. Blanketi lile Neema alilicheka miaka sita. "Huku tutamfunika nani, Godfrey?"

Kesho yake walikufa watatu. Akaona baridi imewazidi, akaongeza balbu ya pili.

Mchana akaja Somoe, jirani yake, mzaliwa wa Mikindani, na bakuli la samaki wa nazi. Tangu Godfrey arudi kutoka msibani alikuwa akimletea chakula kila siku, na kila siku alikikuta cha jana hakijaguswa. Safari hii hata bakuli hakulitua vizuri.

"Mwalimu! Humu ndani unaoka mikate?"

"Nawalea vifaranga, Mama Asadi. Wanasikia baridi."

"Baridi ya wapi, mwezi wa kumi na moja huu?" Akalivuta blanketi. Vifaranga walikuwa wamejibana kwenye kuta za boksi, mbali na taa, midomo wazi, mbawa zimening'inia. Wa nne alikuwa amelala ubavu, ameshakauka. "Unawachemsha, baba! Wakisongamana chini ya taa, wana baridi. Wakiikimbia, joto. Hawa si wanakwambia? Mwalimu mzima, hujui kusoma?"

Akazima balbu zote mbili, akafungua madirisha, kisha akageuka kumcheka vizuri. Kicheko kikamkatikia.

"Na hilo sweta?"

Godfrey akajitazama. Lilikuwa sweta la mazishini, limelowa jasho mpaka kiunoni.

"Umelivaa tangu lini?"

"Sijui," akasema, na kweli hakujua.

Somoe akalikunja blanketi, akaliweka juu ya kabati. Godfrey akavua sweta. Upepo wa dirishani ukampiga mgongoni, naye akashtuka, kama vile mgongo ni wa mtu mwingine.

Vifaranga waliobaki walianza kusogelea sahani ya maji mmoja mmoja. Mmoja akaingia na miguu yote, akanywa amesimama humohumo.

"Huyo jogoo huyo," Somoe akasema. "Hana adabu. Neema aliniahidi jogoo wa kwanza. Sidai, nasema tu."

"Ni wako."

Simu ikaita. Kondakta. "Mwalimu, lile tenga langu? Mwambie dada basi, kesho napakia."

Godfrey akamtazama yule kifaranga ndani ya maji. Alikuwa amemaliza kunywa, anajitikisa.

"Neema amefariki," akasema. "Wiki mbili sasa."

Kule upande wa pili ikaja ile pole. Akaipokea. Tumeshapoa hakuisema.

"Asante," akasema. "Tenga nitalileta mwenyewe."

Akakata simu, akalivuta bakuli la samaki, akanawa mikono.