Mbweha wa Kaburi la Ignacy

Theluji ilipokwisha kuyeyuka kando ya mto Narew, Genowefa alikwenda kusafisha kaburi la mumewe, akakuta shimo ubavuni mwake, pana kiasi cha kuingiza ndoo. Mlangoni palikuwa na bawa la kuku na harufu kali ya mkojo. Hakuhitaji kuambiwa mwenye nyumba ni nani. Ignacy alifuga mabata bukini miaka arobaini, na miaka yote hiyo adui yake alikuwa mbweha.

Akamwita shemeji yake, Zenon, mchimba makaburi wa kijiji.

"Kaka kapata wageni," Zenon alisema, akaegemea koleo lake. "Kawaua wangapi yule? Sasa wamekuja kulala naye."

"Acha utani, shemeji. Wafukize moshi watoke."

"Nifukize kaburi la kaka yangu? Padri atanifukuza mimi kwanza. Halafu huu ni mwezi wa kuzaa. Kama jike ana watoto, watafia humo humo, juu ya kifua cha kaka."

 Wakaenda kukaa nyuma ya ukuta wa makaburi, mahali ambapo upepo usingepeleka harufu yao, wakangoja.

Jua lilipoanza kuinama, dume alikuja kupitia shamba la shayiri, panya watatu wakining'inia mdomoni. Genowefa alikuwa amezoea kuona ngozi tu ukutani, au mkia ukitokomea. Huyu alikuwa mdogo kuliko alivyodhani. Chini ya manyoya yale mekundu hakumzidi sana paka mnene. Miguu yake ilikuwa myeusi, kidevu cheupe, na ncha ya mkia nyeupe pia. Aliweka panya chini, akakohoa kidogo, na jike akatoka, amekonda, chuchu zimevimba. Watoto wanne wakamfuata, bado wana rangi ya tope.

"Haya," Zenon alinong'ona. "Nizibe?"

"Nyamaza, watakusikia."

Mwezi wa Mei Genowefa akaibiwa kuku wawili. Kwa wa kwanza alimsamehe mbweha. Wa pili alipopotea, alikwenda makaburini asubuhi, akasimama mbele ya shimo, akatukana. Yalikuwa matusi ya Ignacy, yale aliyoyasikia uani kila bata alipopotea, na ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuyatamka. Aliyamaliza yote kwa mpangilio wake. Kisha akakaa kwenye jiwe la kaburi la jirani, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Kufikia Juni watoto walikuwa wamegeuka wekundu, na mchana walijifunza kunyatia panzi kwenye shayiri. Siku moja Genowefa akakuta utando wa buibui umefunika mlango wa shimo. Walikuwa wamehama.

Zenon akaleta matoroli mawili ya udongo.

"Niongeze na zege, shemeji?"

"Udongo unatosha."

Zenon akaushindilia kwa koleo, kisha wakaenda kwa Genowefa kula viazi na maziwa mgando.