Koti la Mwalimu Mkuu

Kila fundi cherehani ana namna yake ya kumaliza mshono. Mimi narudi nyuma mara tatu ndipo nakata uzi. Binti yangu, tunayeshona naye duka moja, hurudi mara mbili tu, maana ana haraka tangu tumboni. Nimemsema kwa hilo hadi mdomo umechoka.

Juzi mwalimu mkuu wa shule ya jirani alileta koti nililomshonea mwaka jana. Kanenepa, alitaka nilipanue. "Mama, koti hili limenitoa kimasomaso," akaniambia, nami nikavimba kichwa kama kawaida yangu. Nikafumua bitana nione ndani. Kila mshono ulikuwa umerudi mara mbili.

Nina miaka sitini na tisa na kunyamaza si kazi yangu, lakini siku hiyo nilinyamaza. Kesho yake nikashona koti la mteja mwingine, mkono wa kulia nikaupachika kushoto na wa kushoto kulia, makusudi kabisa, nikaenda zangu nyumbani. Asubuhi nikalikuta limetundikwa, mikono iko mahali pake, limenyooshwa pasi.

"Koti limetoka zuri, mama," binti yangu akasema huku akinimiminia chai, wala hakupepesa macho.

"Mikono niliibadilisha. Nani kairudisha?"

Akaweka birika chini. "Mishono yako inakwenda upande, mama. Wateja walianza kurudisha nguo."

"Hakuna aliyenirudishia mimi."

"Wanasubiri uondoke, ndipo wananiletea."

Akanitajia majina mmoja mmoja; kumbe mtaa mzima unajua. Muuza vitambaa anajua, mwalimu mkuu anajua, hata mjukuu wangu wa miaka tisa anajua, na wote huniita fundi mkuu bila kucheka. Nimechezewa shere na watu niliowashonea sare za shule wakiwa hawajaota meno ya mbele.

"Ungeniambia."

"Nikuambie ukae nyumbani ufanye nini? Uhesabu mabati?"

Nilitamani kuvunja kitu. Lakini pia nilitaka kujua, na mimi nikitaka kujua jambo, hasira hungoja. Nikamwambia alete suruali niliyoshona jana, ambayo hajaigusa. Akanishika kidole, akakipitisha juu ya mshono taratibu. Kweli, unakwenda kushoto, kidogo kidogo, upande uleule ninaoegemea tangu nyonga ianze kunisumbua. Nikarudia mguu wa pili. Kushoto tena. Sikujua kwamba mtu anaweza kuugusa uzee wake kwa kidole.

"Kwa hiyo umenificha mwaka mzima," nikasema.

Akaachia kidole changu. "Saba."

"Miaka saba iliyopita hukujua hata kufumua."

"Baba alinifundisha. Yeye ndiye aliyeanza."

Baba yake alikuwa mpiga pasi wetu, na huu ni mwaka wa nne tangu tumzike. Kila jioni alikuwa akiniambia nitangulie, yeye anamalizia pasi. Nikadhani ananihurumia miguu. Siku ya maziko nilisimama mbele ya watu nikasema mume wangu hajawahi kunidanganya hata mara moja, na huyu binti alikuwa kakaa pembeni yangu, ananisikiliza.

Machozi yalinitoka, ya hasira kuliko majonzi. Wa kugombana naye hayupo. Binti akataka kunikumbatia, nikamzuia kwa kiwiko.

"Alikufundishaje?"

"Unaanzia katikati ya mshono, si mwishoni, ili kitambaa kisichanike."

Nikavuta kiti hadi kwenye meza yake, nikachukua wembe, nikaanza kufumua suruali yangu mwenyewe. Mguu mmoja ulichukua muda mrefu. Yeye alitazama tu, akijua asiponiacha tutakosana zaidi.

"Baba alikuwa akikata uzi anasema, 'Niwie radhi, mke wangu,'" akasema. "Kila mshono."

"Aliiambia suruali?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa ukisemaje?"

"Mimi nilikuwa nafumua tu."

Nikamsukumia mguu wa pili pamoja na wembe. "Basi leo useme," nikamwambia, "na useme kwa sauti, nipo hapa."