Mbegu ya Ute

Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, ndiyo siku mwalimu mkuu wa shule ya bweni iliyo juu ya shamba langu, hapa Kibondo, alipoamuru mawe ya tangi la maji machafu yasuguliwe. Mgeni wa mkoa alikuwa anakuja. Na kwetu mgeni akija, kila jiwe la kando ya njia linapakwa chokaa. Safari hii hawakuishia njiani. Wakatoa hata mawe ya tangi, yale yenye ute mweusi, wakayasugua kwa klorini, wakayapaka chokaa, wakayarudisha yanang'aa kama meno ya bandia.

Maji ya tangi lile ndiyo yanayoingia bwawa langu la perege. Nililichimba na marehemu mke wangu, Esteri. Hatukujaliwa mtoto. Nikiulizwa tuliacha nini duniani, naonyesha bwawa.

Ijumaa maji yakanuka mkojo mkali. Perege wakaja juu wanapanua midomo. Wadogo wakageuza matumbo juu, wamekufa.

Nikapanda kwa mwalimu mkuu. Akacheka.

"Mzee Ndayikunda, maji sasa ni safi kuliko zamani. Samaki wako wamezoea uchafu."

"Basi yanywe, mwalimu."

Hakuyanywa. Wakubwa ndivyo walivyo, usafi wao ni wa macho.

Nikampigia Safina, yule binti ambaye ndiye fundi aliyelijenga tangi, siku hizi anatunza la chuo kimoja Kasulu. Alipiga kelele kwenye simu.

"Babu! Wameua wafanyakazi! Ule ute ni bakteria, wameshikamana wakajenga nyumba kwenye jiwe. Wa juu wanapumua hewa, wanaigeuza ile sumu ya mkojo. Wa ndani, kusikofika hewa, wanaimalizia, inatoka na upepo bila kumdhuru mtu."

"Watarudi wenyewe?"

"Watarudi, ila polepole. Ziba mfereji wa bwawa leo hii."

"Kiangazi hiki, nikiziba, nabaki na tope."

"Basi njoo uchukue mbegu."

Mbegu! Hapo nikamwelewa kabisa. Nikaziba mfereji, nikaenda Kasulu.

Safina alinijazia kreti za mawe yanayoteleza kutoka tangi lake, akayafunika kwa magunia mabichi. "Yasikauke, babu. Na yasikose hewa. Ukifika, toa yale meupe, weka haya."

Nilirudi na lori la maharage la Mudathiri, mfanyabiashara wa Kasulu. Kila liliposimama, nilimwagia mawe maji ya dumu.

"Mzee ananywesha mawe!" Mudathiri akawaita vijana wake. "Kwani Kibondo mawe yamekwisha?"

"Yapo. Yameuawa."

"Inna lillahi! Na haya unayanywesha yakomae lini?"

"Yatakomaa kabla hujajifunza kuendesha."

Vijana wakaangua kicheko. Mimi nikaendelea kumwagia.

Getini mwalimu mkuu alisimama mikono kiunoni. "Mgeni ameahirisha, anakuja wiki ijayo. Huo uchafu wako hauingii hapa."

"Samaki hawajaahirisha kufa, mwalimu."

"Nimesema hauingii!"

Nikashusha mzigo nje ya ua. Halafu nikauzungusha kwa nyuma, kreti moja moja, nikipita mtaroni, mgongo unalia. Nikaingia tangini mpaka magotini. Jiwe jeupe nje, jiwe la Safina ndani. Kreti ya kwanza ikaisha, nikaanza ya pili. Ndipo wakanikuta, mwalimu mkuu na mlinzi wake Niyonzima.

"Niyonzima, mtoe!"

Niyonzima akautazama ule ute ulivyonipaka mpaka kwenye mapaja. "Mwalimu, mimi nimevaa sare. Mtoe wewe."

"Mzee, toka! Nitaita polisi!"

"Waite. Waje na mabuti marefu."

Nikaweka jiwe jingine. Kule chini bwawani perege waliobaki hai walikuwa wanahema kwenye maji yanayopungua, na hapa juu mtu mwenye funguo za kila mlango alikuwa ananihesabia kosa. Wanafunzi wakaanza kujaa ukingoni na sahani zao za ugali. Sikunyanyua mguu.

"Nitatoka," nikasema. "Ila unijibu mbele ya hawa. Mikojo ya watoto wote wanaolala humu, nikishatoka mimi, ataisafisha nani?"