Barua Kumi na Moja za Sista Phelista

Phelista Nakhungu aliandika barua kumi na moja kwa wiki moja, na ukweli ni kwamba zote zilikuwa barua moja. Alibadilisha majina tu. "Mwanao hakuteseka. Nilimshika mkono. Alisema, mwambie mama asilie, kisha akalala." Wakati huo alikuwa sajini muuguzi katika hospitali ya mahema huko Somalia, hajalala siku mbili, na mkubwa wake alikuwa amemwambia awaandikie wazazi kitu cha kuwafariji. Akawaandikia. Nani angejua? Mmoja wa Bumula, mwingine wa kijiji cha Kwanza, wengine wa Mwingi na Lamu. Wazazi wa namna hiyo hawakutani.

Miaka kumi baadaye, Kipkemei akawakutanisha.

Kipkemei alirudi kutoka vita vile na mguu mmoja na uhai wake, na uhai huo ni kwa sababu Phelista alimkandamiza mshipa wa paja kwa ngumi saa nzima bila kuinuka. Siku hizi ana duka la mbolea Moi's Bridge na mdomo usiojua kuchoka. Alisema ni aibu muuguzi wa vita kuzeekea Kitale akiuza dawa za minyoo, bila hata kupigiwa makofi. Akakodi ukumbi wa kanisa Bungoma, akachapisha cheti na bango lenye picha ya Phelista amevaa kombati za jeshi. Halafu, kwa ule wema wa mtu asiyeuliza kwanza, akawatafuta mama za waliokufa waje wamvishe shali.

"Usilete akina mama," Phelista alimwambia kwa simu. "Nipatie hiyo cheti tu, nirudi zangu."

"Aii, Sista, wewe nawe. Mama Levi amesema hata kama ni kutembea kutoka Bumula, atakuja."

Hapo ndipo angesema ukweli. Badala yake akasema sawa, tuonane Jumamosi. Mwanamke huyu aliwahi kutambaa chini ya risasi kufuata chupa za damu, lakini mama mmoja mwenye barua alimshinda.

Jumamosi ukumbi ukajaa. Mheshimiwa mmoja aliwaita wauguzi malaika mara saba, akapigwa picha, akaenda zake. Watu walikula keki. Phelista alikaa mbele akiomba tu waimbe, wafunge, waende.

Ndipo mama Levi, jina lake Nabwile, akasimama na shali mkononi. Alikuwa mama mfupi, mwenye sauti iliyozoea kuita watu shambani.

"Kwetu," akasema, "mtu akikufa, yule alimuuguza anasimama matangani anasimulia. Ugonjwa ulimshika lini, alikula nini ya mwisho, alisema nini. Hiyo isiposemwa, watu wanaenda nyumbani wakinong'ona. Levi wangu aliletwa na sanduku imefungwa, na askari wenye hawakumjua. Hakuna mtu alisimama. Pasta ndiye alitusomea barua ya huyu sista. Hiyo barua ndiyo ilisimama."

Akaisema barua nzima kwa kichwa, bila kuitoa kwenye bahasha. Hakuteseka. Alishikwa mkono. Mwambie mama asilie. Phelista alitazama safu ya mbele, akamwona Jerono wa Kwanza, mama yake Kiplimo. Midomo ya Jerono ilikuwa inaenda pamoja na ya Nabwile, neno kwa neno, mpaka mwisho. Kisha ikaacha kwenda.

"Hayo maneno ni ya Kiplimo," Jerono akasema. Hakupaza sauti. "Sista, si uliniandikia ni ya Kiplimo?"

"Si unajua vijana wa jeshi," Kipkemei akadakia, akicheka peke yake. "Wote huongea maneno yale yale."

"Kiplimo hakuwa ananiita mama. Alilelewa na nyanya yake, akaniita Jerono kama yeye. Nikasema labda ni uchungu ndio ilimbadilisha." Akamgeukia Phelista. "Nimejidanganya miaka kumi, ama ni wewe ulinidanganya?"

Phelista alisimama. Aliona haya, lakini alisimama.

"Ni mimi. Niliandika barua moja nikaituma kumi na moja. Siku hiyo waliletwa majeruhi thelathini, na sisi tulikuwa wanne. Kazi yangu ilikuwa kuwafunga kadi. Nyekundu anatibiwa kwanza. Njano anangoja. Nyeusi tunamwacha, kwa sababu hatapona. Kiplimo na Levi niliwafunga nyeusi. Sikumshika mtu mkono. Kiplimo hakuamka tena, mama. Hakusema kitu."

Jerono aliinamisha kichwa. Hata waliokuwa wanapakua wali nyuma waliacha miko.

"Na Levi?" Nabwile akauliza.

"Levi aliniita. Nilikuwa nimeshafika kwa Kipkemei, mkono wangu uko kwa mshipa wake. Nikiutoa anakufa."

"Sijakuuliza Kipkemei. Levi alisema nini?"

Phelista hakuwahi kulitamka neno lile kwa mtu yeyote, wala kwa mumewe, wala kwenye sala.

"Alisema, Sista, hii kadi si yangu. Alisema mara mbili. Ya tatu hakumaliza."

"Na ilikuwa yake?"

"Sijui, mama. Nilimwangalia kidogo sana. Sijui mpaka leo."

Nabwile hakulia. Alikaa akiipokea habari ile kama mtu aliyeingoja siku nyingi, na uchungu ulimpita usoni wazi, kila mtu akauona. Phelista alitamani atukanwe, apigwe hata kofi, angalau kitu kimoja kiishe.

"Kadi yako wewe ilikuwa rangi gani?" Nabwile akamuuliza Kipkemei.

"Nyekundu, mama," Kipkemei akajibu. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alijibu kwa ufupi.

Nabwile akamwekea shali mikononi.

"Basi mvishe wewe, baba. Ni wewe huyu sista aliuguza."