Mundhir na Maji ya Wadi

Mvua ilinyesha milimani, na wadi, bonde la mto lililokuwa kavu tangu mwaka jana, likafurika na kunguruma. Magari yote yalisimama ukingoni isipokuwa la Mundhir.

"Tusubiri kidogo, baba watoto," mkewe Zuwaina alimsihi.

"Tusubiri na hawa waoga? Hawajui kuendesha. Mimi si wao."

"Basi niteremshe."

Alimteremsha huku akicheka, akaingia majini. Alipofika katikati, mafuriko yalilinyanyua gari kama kifuu. Wale waoga walifungana kamba, wakamtoa akiwa hai. Lakini mmoja wao, Khalfan, kamba ilimponyoka, maji yakamchukua.

Msibani, Mundhir alisita mlangoni. Baba yake Khalfan akamshika mkono.

"Karibu ndani, mwanangu."

Mundhir alikaa karibu na viatu vilivyovuliwa mlangoni, kahawa ikampoa mkononi.