Mabaki ya Wiki ya Nane

Chupa ilikuwa mezani, ndani ya kindoo cha barafu kilichofunikwa kwa kitambaa cha kijani. Hilda alijua kilichomo. Ndiyo maana hakukitazama. Alikuwa ameletwa hospitalini kutoka Mlali alfajiri akivuja damu, na saa nne asubuhi mimba ya wiki nane ikamtoka mbele ya macho yangu.

Mimi ni Witness, muuguzi wa utafiti. Kazi yangu ni kumwomba saini mtu aliyefiwa, tena haraka. Dokta Silvano alizihitaji seli shina, zile seli changa ambazo bado hazijaamua kuwa moyo au mfupa, ili ajue kwa nini watoto wengine huzaliwa na matundu moyoni. Seli hizo hufa upesi. Tulikuwa na dakika arobaini, na hii ilikuwa sampuli ya mwisho kabla mradi haujafungwa.

Hilda alisoma fomu ya ridhaa kwa sauti, kidole kikifuata mstari. "Ninaridhia mabaki ya mimba yangu yatumike..." Akaishia hapo. "Mabaki, dada?"

"Ni neno la kitaalamu tu."

"Mabaki nayajua. Ni ugali wa jana. Tunawapa kuku."

Nilihisi uso ukiniwaka. Fomu ile niliitafsiri mimi, sebuleni kwangu Nkuhungu, na kamati ya maadili ikanisifu kwa Kiswahili safi. Safi kweli! Nililichagua neno lile kwa sababu lilinisaidia kulala. Miaka minane nyuma na mimi nilitokwa na mimba katika jengo hilihili. Beseni likafunikwa, likaondolewa, na wiki iliyofuata nikarudi kazini nikicheka na wenzangu.

"Nataka kusaidia," Hilda alisema. "Kama mtajifunza kwake, jifunzeni. Lakini sisaini kwamba nimewapa makombo. Andika 'mwili wa mwanangu'. Aliyekufa ana mwili."

Simu ikaita. "Zimebaki dakika kumi na mbili," Dokta Silvano alisema. "Amesaini?"

"Anataka tubadilishe neno moja."

"Fomu ikibadilishwa bila kamati ni batili, unajua. Mbembeleze, Witness. Neno tu hilo."

Nilikata simu. Ningeweza kumbembeleza, nina maneno matamu, na wanawake kumi na tisa walikwisha kunisainia. Badala yake nikachukua kalamu, nikafuta "mabaki ya mimba yangu", nikaandika juu yake "mwili wa mwanangu". Hilda akasaini polepole, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Sasa mpeleke," akasema. "Muda unakwisha."

Mkono wangu ulikuwa juu ya kindoo. Haukunyanyua kitu.

"Hawatampokea, mdogo wangu. Fomu ikishafutwa haifai tena. Nilipaswa kukuambia kabla."

Alinitazama kwa hasira, na hasira ile ilikuwa halali yangu. "Ulijua? Sasa kwa nini ulifuta?"

Nilitafuta neno la kitaalamu, nikalikosa. "Kwa sababu na mimi nilikuwa na wangu. Hapahapa. Sikuwahi kumwita chochote."

Hilda alifumba macho. Nilidhani ananifukuza. Kisha akajisogeza upande wa ukutani, taratibu, kwa maumivu, hata ikabaki nafasi ya mtu mmoja kitandani.

"Kaa," akasema.

Simu ilianza kuita tena. Nikakaa, kindoo mapajani.